Safu ya Rangi na Safu ya Jinsia: Historia ya Wapasuaji katika Kanda ya Ziwa Viktoria, Tanzania

Utangulizi

Katika maandiko ya Ulaya na Marekani kuhusu ubingwa wa upasuaji, maswali mawili huulizwa kwa pamoja: kwa nini mpasuaji ni mwanamume, na kwa nini ni mweupe? Katika Kanda ya Ziwa ya Tanzania maswali hayo yalitengana mapema. La rangi lilijibiwa kwa kiasi kikubwa ndani ya kizazi kimoja baada ya Uhuru wa mwaka 1961. La jinsia limebaki wazi. Hesabu ya wapasuaji wa nchi za Afrika Mashariki, Kati na Kusini iliyochapishwa mwaka 2016 ilipata wapasuaji 1,690 waliokuwa kazini. Wanawake walikuwa asilimia 9 tu. Hesabu hiyohiyo ilionesha kwamba asilimia 64 ya wapasuaji wote waliishi katika mji mkuu wa kibiashara wa nchi yao, jambo lenye uzito wa pekee kwa mikoa iliyo mbali na Dar es Salaam kama Mwanza, Mara na Kagera.

Insha hii inachunguza ni kwa nini maswali hayo yalipata majibu tofauti. Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba mila za Wasukuma, Wahaya, Wakurya, Wajaluo na wengineo wa ukanda huu zilimzuia mwanamke, au kwamba kazi yenyewe ni nzito na haina saa. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, lakini hayatoshi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba rangi ilihesabiwa na jinsia haikuhesabiwa. Serikali ya kikoloni iliwapanga watumishi wa tiba katika safu za Wazungu, Waasia na Waafrika. Wapigania uhuru wakaisoma orodha hiyo na kuigeuza kuwa madai. Kwa wanawake hapakuwa na orodha ya kusomwa, kwa sababu katika ngazi ya udaktari hawakuwa wamewekewa hata safu ya kuwa tupu.

Kabla ya orodha

Upasuaji katika nchi za maziwa haukuletwa na Wazungu. Ushahidi unaojulikana zaidi unatoka Bunyoro, upande wa kaskazini-magharibi mwa ziwa. Mwaka 1879 Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa bado mwanafunzi wa tiba, alishuhudia huko Kahura operesheni ya kumtoa mtoto tumboni. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, na pombe hiyohiyo ikatumika kuosha mikono ya mpasuaji na ngozi ya tumbo. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, na jeraha likafungwa kwa pini za chuma zilizozungushiwa nyuzi. Mama na mtoto waliishi. Felkin aliichapisha habari hiyo huko Edinburgh mwaka 1884, wakati ambapo operesheni ya namna hiyo ilikuwa ikiwaua wanawake wengi katika hospitali za Ulaya. Upande wa mashariki wa ziwa, Wakisii na Wakurya walikuwa na mafundi wa kupasua fuvu la kichwa ili kutibu madhara ya pigo, ufundi ulioendelea hadi karne ya 20 ikiwa imekwenda mbali.

Inafaa kutazama pia nani alishika kisu. Katika simulizi ya Felkin mpasuaji alikuwa mwanamume, na waliomshika mama walikuwa wanaume. Ukunga ulikuwa wa wanawake, na katika Usukuma uganga wa dawa ulifanywa na wanaume na wanawake. Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba ukoloni ndio uliobuni mgawanyo wa kazi za tiba kwa jinsia. Ulichofanya ukoloni ni kuugandisha mgawanyo huo katika vyeti, mishahara na kanuni za ajira, kiasi kwamba mtu asingeweza tena kuuvuka kwa kipaji chake.

Daktari wa kwanza wa Kizungu kufika kuishi katika ufuko wa kusini hakupata nafasi ya kumtibu mtu kwa muda mrefu. Dkt. John Smith, wa msafara wa kwanza wa Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, alifariki kwa kuhara damu huko Kagei mwaka 1877. Katika mwanzo huo, tiba ya Kizungu haikuwa na ubora wowote wa kujionea fahari mbele ya tiba ya wenyeji.

Orodha ya watumishi

Chini ya Wajerumani tiba rasmi ilikuwa kwanza kazi ya madaktari wa jeshi. Ni katika utawala wa Waingereza baada ya Vita vya Kwanza ndipo Tanganyika ilipopata idara ya tiba ya kiraia yenye ngazi zilizoandikwa. Ngazi hizo zilikuwa tatu, na rangi ndiyo iliyoamua mtu aanzie wapi na aishie wapi. Juu alikuwepo mganga wa serikali wa Kizungu, ambaye kisheria ndiye aliyeruhusiwa kuongoza hospitali. Katikati aliwekwa Mwasia, mara nyingi mhitimu wa vyuo vya India, aliyepewa cheo ambacho kwa Kiswahili kingeweza kuitwa msaidizi mdogo wa mpasuaji, hata pale alipokuwa ndiye daktari pekee kwa maili nyingi. Chini alikuwa Mwafrika, dresa. Kuanzia miaka ya 1920 madresa walifunzwa kwa ajili ya zahanati za serikali za wenyeji, wakasafisha vidonda, wakafunga bendeji na kudunga sindano.

Ubaguzi huo ulikuwa na bei yake, nayo iliandikwa. Ripoti ya Tume ya Holmes ya mwaka 1948 kuhusu utumishi wa serikali katika Afrika Mashariki ilikubali kwamba asiye Mzungu, hata akiwa na sifa zilezile na kazi ileile, alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Kanuni hiyo iliondolewa kufuatia Tume ya Lidbury ya mwaka 1954. Mtafiti wa leo anaweza kuikuta kanuni ya tatu ya tano na kushangazwa na ukatili wake, lakini kwa wasomi Waafrika wa wakati ule ilikuwa pia silaha. Dhuluma iliyoandikwa kwa tarakimu ni rahisi kuipinga kuliko ile iliyofichwa ndani ya desturi.

Na wanawake? Katika orodha hizo mwanamke wa Kizungu alionekana kama sista wa hospitali, ambaye kwa kawaida alitarajiwa kuacha kazi akiolewa. Mwanamke wa Kiafrika alionekana kama yaya wa wodi au mkunga. Safu ya madaktari haikugawanywa kwa jinsia kwa kuwa ilidhaniwa wazi kuwa ni ya wanaume. Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo linalochunguzwa: kutengwa kwa Mwafrika kulitangazwa, kutengwa kwa mwanamke kulichukuliwa kuwa hali ya kawaida.

Makerere na madaktari wa chama

Kwa vijana wa Mwanza, Musoma na Bukoba, njia ya udaktari ilipita juu ya maji hadi Uganda. Shule ya tiba ya Makerere, iliyofungamana na Hospitali ya Mulago, ilianza mwaka 1924. Wahitimu wake walisoma miaka mingi, kisha wakaajiriwa kama wasaidizi chini ya Wazungu, kwa kuwa cheti chao hakikutambuliwa na baraza la madaktari la Uingereza hadi mwaka 1957. John Iliffe, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu madaktari wa Afrika Mashariki, ameonesha jinsi manung'uniko hayo ya kitaaluma yalivyowasukuma madaktari kwenye siasa.

Tanganyika inatoa mfano ulio wazi. Mwaka 1950 uongozi wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, ulichukuliwa na Dkt. Vedasto Kyaruzi, mzaliwa wa Bukoba na mhitimu wa Makerere. Pamoja naye katika harakati za wakati ule walikuwemo madaktari wenzake Joseph Mutahangarwa, Wilbard Mwanjisi, Michael Lugazia na Luciano Tsere. Serikali haikuchelewa kuonesha kuwa imeelewa: Kyaruzi alihamishwa Dar es Salaam akapelekwa Kingolwira, kisha Nzega. Hawa ni watu waliojua kwa undani safu walimowekwa na kiasi walichokatwa. Waliposema juu ya haki ya Mwafrika, walikuwa na orodha ya mishahara mfukoni.

Wote walikuwa wanaume, na hili halikuwa ajali ya uteuzi. Wito wa chuo chao kwa Kiingereza uliwataka wanafunzi wawe wanaume, na ulibadilishwa mwaka 1945 walipopokelewa wanawake sita wa kwanza. Ilichukua miaka mingine kumi na minne hadi Josephine Nambooze wa Uganda alipohitimu udaktari mwaka 1959, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki. Miaka miwili baadaye, mwaka 1961, Sebastian Kyalwazi, naye wa Uganda, akapata ushirika wa Chuo cha Wapasuaji cha Edinburgh na kuwa mpasuaji bingwa wa kwanza Mwafrika katika eneo hili.

Mtu angetarajia kuwa hatua hizo mbili, zilizotokea karibu kwa pamoja, zingezaa matokeo yanayolingana. Haikuwa hivyo. Kyalwazi alikuja kuwa profesa wa upasuaji, na nyuma yake kikafuata kizazi kizima cha wapasuaji wanaume. Nambooze alitumikia afya ya jamii na ya mama na mtoto, uwanja wenye heshima na wenye manufaa makubwa, lakini ulio mbali na chumba cha upasuaji. Mwelekeo huo wa kumwongoza mwanamke daktari kwenye fani za watoto na kinga ulirudiwa Tanzania, na bado haujakoma.

Ngazi mbili zisizokutana

Kanda ya Ziwa haikukosa wanawake wenye ujuzi wa tiba. Ilikuwa nao wengi kuliko ilivyokuwa na wanaume, ila walipandishwa kwa ngazi nyingine. Ng'ambo ya ziwa, Katharine Cook wa Mengo alijenga mafunzo ya wakunga ambayo mwaka 1921 yalipata chuo cha Lady Coryndon. Upande wa Tanganyika kazi hiyo ilifanywa zaidi na misheni. Sumve katika Kwimba ilijulikana kote Usukumani kwa kufunza wauguzi na wakunga, na Shirati, kituo cha Wamenoni kilichoanza mwaka 1934, nacho kikawa na hospitali na baadaye mafunzo ya uuguzi.

Katika upande wa Kikatoliki palikuwa na kizuizi kisichotajwa sana katika historia za tiba za Tanzania. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima mapadre na watawa ruhusa ya kufanya kazi ya tiba na upasuaji bila kibali maalumu, na desturi iliwakataza masista kuzalisha. Kizuizi hicho kililegezwa Februari 11, 1936, kwa waraka wa idara ya Vatikani inayosimamia misheni, uliowaruhusu watawa wa kike kusomea ukunga na hata udaktari. Kwa hiyo shirika lililokuwa mwajiri mkubwa wa wanawake wenye ujuzi kando ya ziwa lilikuwa, kwa miongo kadhaa, limewazuia wanawake hao hao kukaribia uzazi, achilia mbali kisu. Ni vigumu kuupima uzito wa miaka hiyo, lakini ilitosha kuweka mfano: sista ni muuguzi, daktari ni mtu mwingine.

Baada ya Uhuru mfano huo uliendelea katika sura ya kiserikali. Tanzania iliamua kwa busara kutowasubiri madaktari wa shahada. Kuanzia mwaka 1963 ilifunza madaktari wasaidizi, waliotokana na matabibu wenye uzoefu, na kuwapa ruhusa ya kupasua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma ulichambua operesheni kubwa za uzazi zaidi ya 1,000 na kukuta kwamba nyingi zilifanywa na madaktari wasaidizi, bila tofauti ya maana ya ubora kati yao na madaktari wa shahada. Hayo ni mafanikio ambayo nchi nyingi zimeyaiga. Lakini tazama mlango wake: aliyeingia udaktari msaidizi alitakiwa kwanza awe tabibu. Muuguzi mkunga aliyeshuhudia mamia ya operesheni, aliyeandaa vifaa na kujua kila hatua, hakuwa na njia ya kuvuka kutoka ngazi yake kwenda ile ya pili isipokuwa aanze upya. Uamuzi huo haukuandikwa kwa lugha ya jinsia. Ulifanya kazi ya jinsia kwa ukamilifu.

Madaktari kumi na wawili

Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba Waingereza walipoondoka waliiachia Tanganyika wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Tarakimu hiyo imekaririwa mashuleni na majukwaani, na kwa haki, kwani inaeleza umaskini wa urithi wa kikoloni kwa maneno machache kuliko ripoti yoyote. Swali ambalo halikuwa likiulizwa ni wangapi kati ya kumi na wawili hao walikuwa wanawake. Jibu linapatikana kwa urahisi. Dkt. Esther Mwaikambo, anayetambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari, alihitimu katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba mjini Moscow mwaka 1969. Mwaka 1961 hapakuwa na hata mmoja.

Tarakimu ya kumi na wawili ilizaa sera. Shule ya tiba ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, na mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu. Vijana walipelekwa Ulaya Mashariki kwa wingi. Philemon Sarungi, mzaliwa wa Rorya katika Mkoa wa Mara, alisomea udaktari na upasuaji nchini Hungaria, akarudi kuwa profesa wa upasuaji wa mifupa Muhimbili, na baadaye waziri. Maisha yake yanaonesha jinsi mtoto wa ufukoni alivyoweza kufika kileleni mwa fani ambayo miaka michache tu kabla ilikuwa imefungwa kwa rangi yake. Tarakimu ya sifuri, kwa upande wa wanawake, haikuzaa sera ya namna hiyo. Mwaikambo akawa bingwa wa magonjwa ya watoto, na mwaka 1987 akawa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA. Yaani iliwabidi wanawake wenyewe waunde chombo cha kujihesabu, miaka ishirini na sita baada ya Uhuru.

Azimio la Musoma

Lipo tukio moja, nalo lilitokea kando ya ziwa, ambalo linaweza kuchukuliwa kuwa jaribio la hoja ya insha hii. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuazimia, pamoja na mambo mengine, kwamba mwanafunzi asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Kwanza afanye kazi angalau miaka miwili na apate pendekezo la mwajiri na la chama. Nia ilikuwa kuvunja kasumba ya usomi wa kujitenga na wananchi.

Azimio halikumtaja mwanamke. Lakini miaka miwili ya kusubiri haikuwa na maana moja kwa kijana wa kiume na wa kike. Kwa msichana aliyemaliza Bwiru au Nganza akiwa na miaka ishirini, ilikuwa miaka ambayo wazazi walipokea posa, ambayo mahari ilijadiliwa, ambayo mwajiri alisita kumpendekeza mtu anayeweza kuolewa kesho. Idadi ya wanawake walioingia chuo kikuu ilishuka mara moja, na kushuka huko kulionekana kwa sababu chuo kilikuwa na orodha ya waliodahiliwa yenye jinsi zao. Baada ya miaka miwili tu sharti liliondolewa kwa wanawake, wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja.

Funzo la tukio hili kwa mwanahistoria ni la kiutaratibu. Serikali ileile, chama kilekile na jamii ileile yenye mila zilezile vilibadili mwelekeo haraka pale tarakimu ilipowekwa mezani. Mila hazikuwa zimebadilika kati ya 1974 na 1976. Hata hivyo msamaha huo uliishia kwenye lango la shahada ya kwanza. Hakuna aliyeuliza swali lilelile kwa ajili ya ubingwa, ambako miaka ya kusubiri ilikuwa mingi zaidi.

Bugando

Hospitali ya Bugando, iliyojengwa na Baraza la Maaskofu Katoliki kwa msaada mkubwa wa shirika la Misereor la Ujerumani, ilifunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachoonekana na kila aingiaye Mwanza kwa meli. Ilikusudiwa tangu mwanzo kuwa hospitali ya rufaa na ya kufundishia. Haikuchukua muda ikawa chini ya serikali, na mwaka 1985 yakafikiwa makubaliano yaliyoirejesha kwa Kanisa huku ikiendelea kutoa huduma ya umma. Kwa upande wa mafunzo ya madaktari, kusudio la waasisi lilisubiri hadi mwaka 2003, chuo cha tiba kilipoanzishwa hapo kwa ushirikiano na chuo cha Weill Cornell cha New York. Leo chuo hicho kinaitwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, CUHAS, na kinatoa pia shahada ya uzamili ya tiba katika upasuaji.

Miaka thelathini na miwili kati ya 1971 na 2003 inastahili kutazamwa kwa makini. Katika muda wote huo daktari wa Kanda ya Ziwa aliyetaka ubingwa wa upasuaji alilazimika kwenda Dar es Salaam, Moshi au ng'ambo. Hesabu ya umri ni rahisi. Anayemaliza kidato cha sita akiwa na miaka ishirini husoma udaktari miaka mitano, hufanya utarajali mwaka mmoja, hutumikia kituo chake kwa muda, kisha huanza uzamili unaochukua miaka mitatu au zaidi. Miaka ya uzamili inaangukia karibu na thelathini, wakati ambapo mwanamke aliyeolewa ana watoto wadogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, lakini likizo hiyo haisemi lolote juu ya kuhama mkoa kwa miaka mitatu. Mwanamume katika umri huo aliacha familia Mwanza au Nansio, akaenda, akarudi bingwa. Mwanamke aliyefanya vivyo hivyo alihesabiwa kuwa ameitelekeza nyumba.

Kwa sababu hiyo, kuletwa kwa mafunzo ya ubingwa Bugando ni badiliko la kijinsia, ingawa halikutangazwa hivyo. Umbali ulipopungua, gharama aliyokuwa akiilipa mwanamke peke yake ilipungua pia. Ni kweli kwamba ukaribu hautoshi. Zamu za usiku, matarajio ya wakubwa wa idara na uchache wa wanawake wa kuwafuata bado vinawasukuma madaktari wa kike kwenye fani nyingine. Lakini kati ya mambo yote yaliyofanywa tangu Uhuru, insha hii inaona kwamba chuo cha mwaka 2003 ndicho kilichogusa kiini cha tatizo, kuliko hotuba na semina za kuwahamasisha wasichana kupenda sayansi.

Suala hili lina uzito nje ya taaluma. Sehemu kubwa ya upasuaji katika hospitali za wilaya za ukanda huu ni upasuaji wa uzazi, na wagonjwa wa fistula, ambao Bugando imekuwa ikiwatibu kwa miaka mingi, ni wanawake walioumizwa na uzazi uliochelewa kupata kisu. Mgonjwa wa namna hiyo huvuka ziwa kutoka Ukerewe au Ukara akiwa ameficha hali yake kwa ndugu na majirani, kisha hutakiwa kuieleza na kuionesha. Kudai kwamba mpasuaji wa kike atamtibu vizuri zaidi kwa sababu tu ni wa kike kungekuwa kosa. Hata hivyo, mgonjwa asiye na uwezekano wowote wa kumpata mpasuaji wa jinsi yake amenyimwa chaguo ambalo mwanamume mwenye maradhi ya kibofu analipata bila kuliomba.

Rangi nayo haikutoweka kabisa. Imehama kutoka kwenye mshahara wa serikali kwenda kwenye uhusiano wa taasisi: nani analeta fedha, nani anakuja kwa wiki mbili na kuitwa bingwa mgeni, nani anaandikwa wa kwanza katika makala. Mambo hayo ni halisi, ila yanahitaji utafiti wake. Inatosha kusema kwamba mpasuaji Mtanzania wa Bugando leo ni jambo la kawaida, na hakuna anayelishangaa.

Kuanza kuhesabu

Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kiliundwa mwaka 1999 ili wapasuaji wafunzwe katika hospitali za nchi zao wenyewe. Mwaka 2015 ndani yake kikaundwa kikundi cha wanawake wapasuaji wa Afrika, na mwaka uliofuata ikachapishwa ile hesabu iliyotajwa mwanzoni. Mfuatano huo unafanana na wa miaka ya 1950: kwanza tarakimu, kisha madai. Tofauti ni kwamba safari hii tarakimu zimekusanywa na wapasuaji wenyewe.

Kwa miaka iliyotangulia, kazi ya mtafiti ni ngumu zaidi. Rejista ya chumba cha upasuaji hurekodi jinsi ya mgonjwa, Me au Ke, umri wake, ugonjwa na aina ya operesheni. Kwa mpasuaji hurekodi jina tu, mara nyingi herufi ya kwanza na jina la ukoo. Katika nyaraka za kikoloni jina hilo linatosha kuonesha rangi, kwani hakuna atakayechanganya jina la Kiingereza, la Kigujarati na la Kisukuma. Jinsia haionekani kwa njia hiyo. Miongoni mwa Wasukuma, Kulwa na Doto ni majina ya mapacha wa kiume na wa kike bila kubagua, na Shija ni mtoto anayefuata baada yao, awe wa kike au wa kiume. Rejista ikiandika kwamba operesheni imefanywa na Dkt. Kulwa, haisemi zaidi ya hapo, na njia iliyobaki ni kuwatafuta waliokuwa wauguzi wa chumba hicho, ambao wengi wao sasa ni wazee, na kuwauliza mmoja mmoja Dkt. Kulwa alikuwa nani.